Namba Sita wa Gakindu

Wenzangu waliponinyanyua mabegani kule Wang'uru, Benter alikuwa amepiga magoti kwenye matope akitafuta jino lake.

Nilimwona kwa sababu mtu akibebwa huona mbali. Niliona mashamba ya mpunga yaking'aa nyuma ya goli, niliona watu wetu waliokuja kwa lori la kubebea kahawa wakirusha kofia juu, na pale katikati ya uwanja nikamwona Benter peke yake, ametupa mgongo, akipapasa ardhi kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyeangusha sindano. Kiwiko cha mshambuliaji wao kilikuwa kimempata mdomoni dakika ya themanini na nane. Refa hakuona. Benter akatema damu, akamfuata yule yule aliyemuumiza, akamnyang'anya mpira bila kumgusa, akautoa kwa Wachuka. Wachuka akanipa, nikafunga. Tukawa mabingwa wa kanda.

Yote hayo yalichukua labda sekunde kumi. Watu waliikumbuka ile ya mwisho tu.

"Niwekeni chini!" nilipiga kelele.

Hawakunisikia. Walikuwa wakiimba jina langu.

Hiyo ilikuwa Novemba, miaka miwili iliyopita, na mpaka leo nikiikumbuka nasikia hasira ikinipanda kooni kama kiungulia. Si hasira ya jino. Jino lilipatikana, ingawa halikumfaa tena. Ni hasira ya kuona jambo lililo wazi mbele ya macho ya watu mia tano, wote wana macho mawili, na hakuna anayeliona.

Mimi ni Murugi. Siku za kazi nauza dawa za mifugo na chakula cha kuku kwenye agrovet moja hapa Gakindu, Mukurweini, na Jumamosi nachezea Gakindu Queens. Uwanja wetu ni wa shule ya msingi, na shule yenyewe imejengwa ubavuni mwa mlima, kwa hivyo goli moja liko juu na lingine liko chini. Mpira ukitoka upande wa chini unaingia kwenye mibuni ya jirani, na mwenye mibuni hutoka na fimbo. Wageni hutucheka wakifika. Baada ya nusu saa ya kukimbia kupanda mlima huacha kucheka.

Benter aliletwa Gakindu na kazi. Alikuwa konstebo wa polisi, mzaliwa wa Homa Bay, na alipohamishiwa kituo chetu alikuwa na miaka thelathini na moja. Jioni moja alikuja mazoezini akiwa na raba zilizochakaa, akamuuliza kocha wetu, Mwalimu Gatimu, kama anaweza kukimbia nasi. Mwalimu akasema sawa. Sisi wasichana tukarudi nyuma hatua moja. Kwetu polisi akija mahali bila kuitwa, watu huanza kufikiria nani amefanya nini.

Hakuwa na mbio. Hakuwa na chenga. Alichokuwa nacho ni kwamba alisimama mahali ambapo mpira ulikuwa haujafika lakini ilikuwa lazima ufike. Timu nyingine zilishambulia, zikapiga pasi yao nzuri, na pasi ikamkuta Benter pale, ametulia kama mtu anayengoja uji upoe. Akauchukua, akampa aliye karibu, akarudi mahali pake. Mwalimu alimpa jezi namba sita. Mwaka mmoja kabla yake tulikuwa wa tisa kwenye ligi. Mwaka aliokuja tukawa wa nne, uliofuata wa pili. Mimi nilianza kufunga magoli mengi hadi watu wakasema nimekomaa.

Nimekomaa! Mimi sikuwa nimebadilika hata kidogo. Nilikuwa napata mipira mingi zaidi tu.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa Theuri, mtangazaji aliyefuata mechi zetu kwa redio. Theuri ni mtu mzuri, ana sauti ya kuamsha wafu, na alikuwa amempa kila msichana kwenye timu jina la sifa. Mimi nilikuwa Radi ya Mukurweini. Wachuka alikuwa Swara. Lakini Benter akimnyang'anya mtu mpira, Theuri alisema, "Ah, mpira umepotea pale." Umepotea! Kama ufunguo! Nilisikiliza marudio ya mechi jioni nikipika na nikahesabu: mpira ulipotea mara kumi na saba. Siku moja nilimngoja nje ya uwanja nikamuuliza kwa nini hamtaji Benter. Akakuna kichwa.

"Dada, niseme nini? Hakuna kitu anafanyanga."

Na mashabiki nao walikuwa na sababu zao. Nusu yao walikuwa wamewahi kufukuzwa na Benter kutoka kwenye baa saa za kufunga zikishapita. Nani angeimba jina la karao?

Yeye mwenyewe hakulalamika. Hilo ndilo lililonimaliza. Baada ya mechi alifungua kamba za buti, akazipangusa kwa nyasi, akaingia kazini. Nikimwambia, "Benter, hata leo hawakukutaja," alicheka tu, "Yawa, Murugi, wacha." Nilimkasirikia Theuri, nikawakasirikia mashabiki, na mwishowe nikamkasirikia yeye, kwa kukubali.

Wiki mbili baada ya Wang'uru, mheshimiwa mmoja alitufanyia sherehe pale pale uwanjani kwetu. Zikaja hema, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama, na chini kabisa, kwenye mlingoti wa goli, alifungwa mtamba wa Friesian mwenye utepe mwekundu shingoni. Alikuwa zawadi ya mchezaji bora. Kila mtu alijua ni nani atampata. Mama yangu alikuwa ameshajenga zizi na kukata majani ya nepia tangu Alhamisi.

Benter alikuwepo. Lakini hakuketi nasi kwenye viti vya timu, maana siku hiyo alikuwa zamu. Alisimama kando ya hema kubwa akiwa amevaa sare, bunduki imekaa kifuani, analinda sherehe ya timu yake mwenyewe. Mdomo ulikuwa bado umevimba upande mmoja.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti. "Mpira ni magoli!" akasema, watu wakapiga makofi. "Hiyo ingine yote ni kukimbia tu! Murugi, kuja hapa!"

Nikaenda. Nikapewa kamba ya ng'ombe mkono mmoja na kipaza sauti mkono mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kusema asante kwa Mungu, kwa wazazi na kwa mheshimiwa, kama inavyosemwa siku zote. Lakini lile neno "kukimbia tu" lilikuwa limenikwama.

"Nimefunga magoli kumi na tisa," nikasema. "Mnajua ni nani alikuwa ananitafutia mpira?"

Mama mmoja wa kwaya akajaribu: "Si ni Wachuka?"

"Na Wachuka anapewa na nani?"

Watu wakaanza kutazamana kana kwamba nimewauliza hesabu za darasa la nane. Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Niliwauliza macho yao ni ya kazi gani. Niliwaambia kuna mtu amepoteza jino akiwapatia kombe, na wamekaa hapa wanakula wali hawajui hata jina lake. Mwalimu Gatimu alikuwa akinitikisia kichwa kutoka kitini, niache, niache. Sikuacha.

"Hii ng'ombe si yangu," nikasema. "Ni ya Benter. Benter, kuja uchukue ng'ombe yako."

Watu wote waligeuka kumtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza Gakindu nzima kumtazama kwa pamoja. Yeye alikuwa amekauka kama mlingoti wa hema. Mkubwa wake wa kituo alikuwa ameketi safu ya mbele, karibu na mheshimiwa, na nilimwona akishusha soda yake polepole.

Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Haiya! Leo karao anapewa hongo mchana!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Walicheka hadi viti vikaanguka. Mheshimiwa alicheka, kwaya ikacheka, hata Wachuka nilimwona ameficha uso kwenye jezi. Benter hakunitazama. Alimtazama mkubwa wake, akakaza mkono kwenye bunduki, akageuka kuelekea barabarani kana kwamba kuna gari linalokuja linalohitaji kukaguliwa. Hakukuwa na gari.

Mama ndiye aliyekuja kuichukua kamba mkononi mwangu. Alingoja tufike nyumbani.

"Hiyo ng'ombe ulikuwa unapeana ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Ati yako? Na nepia ulikata wewe?"

Siku tatu baadaye Benter aliingia dukani. Alikuwa na nguo za kawaida. Kulikuwa na mteja mmoja akichagua mbegu za sukuma wiki, na Benter akangoja kwa adabu mpaka akamaliza na kuondoka. Kisha akaegemea magunia ya chakula cha kuku.

"Nimeandika maelezo kurasa mbili," akasema. "Kurasa mbili, Murugi, juu ya ng'ombe. Kwamba sikuomba. Kwamba sikuchukua. Kwamba sikujua."

"Nilitaka wakuone."

"Wanione? Kwani nimepotea?"

Nilianza kumwambia habari za Theuri, za mashabiki, za jino. Akainua mkono kunizuia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona kwamba Benter naye anajua kukasirika. Hakupaza sauti. Ilikuwa kama kusikia maji chini ya jiwe.

"Wewe unasema hao watu hawanioni. Sawa. Na wewe? Miaka tatu nakupigia kelele kitu moja. Unajua ni gani?"

"Kelele gani?"

"Baki! Kila mechi. Baki, Murugi. Umewahi kubaki?"

Ni kweli nilikuwa nimelisikia hilo neno, kila Jumamosi, nyuma yangu. "Nilidhani unawaambia mabeki."

"Mabeki gani? Mabeki wako nyuma yangu! Mimi naangalia mbele, naangalia nani kama si wewe?" Alichukua makopo manne ya dawa ya kupe kutoka kwenye rafu, akayapanga juu ya kaunta. "Haya mawili ni mabeki wao. Hii ni wewe. Hii ni Wachuka." Akasukuma kopo langu kuelekea ukingoni, na mabeki wakanifuata. "Ukikimbia mapema unaenda nao wote hadi golini. Unafunga, ndiyo, kwa sababu uko na nguvu. Lakini timu mzuri itakufunga kamba. Sasa ona ukibaki." Akaliacha kopo langu katikati, mabeki wawili wamelizunguka, akalipitisha kopo la Wachuka kwenye nafasi iliyo wazi. Lilifika ukingoni bila kuguswa. "Kila siku nimekuwa naiona hii nikiwa nyuma. Hakuna mtu ameniuliza. Hata wewe hukuniuliza. Ukanipatia ng'ombe."

Aliyarudisha makopo mahali pake moja moja, akayaelekeza maandishi mbele kama yalivyokuwa, akaondoka.

Nilikaa kwenye kiti changu mpaka mteja mwingine akagonga kaunta. Niliudhika vibaya. Unatoa mtamba mzima wa Friesian, unagombana na mamako, na mtu anakuja kukufundisha mpira kwa makopo ya dawa! Iliniuma siku mbili. Siku ya tatu ndipo nilipokubali kwamba kilichokuwa kinaniuma ni ukweli.

Mechi ya mchujo ilichezwa Kenol, Desemba, dhidi ya timu ya huko huko Murang'a. Mshindi angepanda daraja. Uwanja ulikuwa karibu na barabara kuu, malori yakipiga honi hadi huwezi kujua sauti ipi ni ya refa na ipi ni ya dereva. Walikuwa wamesikia habari za Radi ya Mukurweini, kwa hivyo waliniwekea mabeki wawili. Mmoja alikuwa mrefu mwenye nywele za kusuka, na alinipumulia shingoni tangu dakika ya kwanza kama deni.

"Baki!" nikasikia nyuma yangu.

Nikabaki.

Hakuna mtu anayeweza kueleza jinsi ilivyo vigumu. Miguu yako imezoea kwenda. Unaona nafasi, mwili wote unakusukuma, na unasimama. Nilisogea kidogo kushoto, wale wawili wakasogea. Nikashuka kuelekea katikati, wakashuka. Nusu saa ilipita nikiwa nimegusa mpira mara tatu. Wachuka alipita kwenye nafasi tuliyoiacha akagonga mwamba, na mashabiki wetu wakamshangilia, kisha wakanigeukia mimi. "Murugi, amka! Umelala!" Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama nimekula ugali mwingi. Nilitamani kumrushia buti.

Kipindi cha pili mambo yakazidi. Dakika ya sitini na mbili nikamwona Njoki, mshambuliaji wa akiba, amevua jaketi, anaruka ruka kando ya mstari. Mwalimu alikuwa ananitoa. Mpira ulikuwa umetoka nje upande huo, na Benter ndiye aliyekwenda kuurusha. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mwalimu, huyo mwache."

"Nimwache anafanya nini?"

"Anafanya kazi."

Katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kumsikia Benter akimwombea mtu kitu, wala yeye mwenyewe kujiombea. Mwalimu Gatimu akamtazama, akanitazama mimi nikiwa na wale mabeki wawili kama watoto mapacha. Kisha akamwambia Njoki avae jaketi.

Goli likaja dakika ya sabini na kitu. Benter aliuchukua mpira katikati, akainua kichwa. Kila mtu uwanjani alijua unakuja kwangu. Mimi nikainua mkono, nikauita kwa sauti yangu yote, "Benter! Benter!" na yule mrefu akaishika jezi yangu, na mwenzake akanizibia njia. Benter alinitazama mimi, akausukuma mpira kule walikotoka. Taratibu, kama anavyosukuma kopo. Wachuka akabaki yeye na kipa. Wavu ukacheza.

Nilikuwa mbali na goli, mkono bado juu. Wenzangu walinipita mbio wakimfuata Wachuka. Tabby, beki wetu, alinisukuma kando ili apate njia. Na hapa lazima niseme ukweli, maana bila huo sina haki ya kusimulia mengine: sikufurahi. Kwa muda mfupi, nikiwa nimesimama pale na jezi imevutwa hadi begani, niliwachukia wote. Nilitaka kulia kwamba hilo goli ni langu pia. Nikageuka nyuma nimtafute Benter, nione kama yeye amejua. Alikuwa ameshageuka, anatembea kurudi mahali pake.

Ndipo nilipoelewa kwamba yeye amekuwa akitembea matembezi hayo kila Jumamosi kwa miaka mitatu.

Tulishinda moja bila. Kipenga kilipolia, Wachuka akabebwa mabegani hadi barabarani, malori yakimpigia honi. Mimi nilikaa chini kwa sababu misuli ya mguu ilikuwa imenikaza. Benter akaja na chupa ya maji. Alikuwa na kiu, midomo imepauka, lakini alinipa mimi kwanza. Akanikunja mguu, akaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ukaachia.

Simu ya kwanza niliyopokea ilikuwa ya Mama. Alikuwa amesikiliza redio. "Ulikuwa mgonjwa?" akaniuliza. "Theuri amesema leo hukuonekana." Jumatatu nilimpigia Theuri mwenyewe. Nilimweleza lile goli kutoka mwanzo hadi mwisho, mabeki, nafasi, mkono wangu, macho ya Benter. Alinisikiliza kwa uvumilivu sana.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini dada, si hukufunga?"

Nikakata simu.

Januari barua ya uhamisho ikaja. Benter alipelekwa Lodwar. Nilikwenda kumsaidia kufunga vitu, na nilikuwa na swali lililonikosesha raha wiki nzima.

"Ni juu ya ile ng'ombe?"

Alikuwa akikunja godoro. Akacheka, na pengo likaonekana. "Wacha kujipa umuhimu, Murugi. Polisi huhamishwa." Sikuweza kujua kama ni kweli au ananihurumia, na sijajua mpaka leo. Waliokuja kumuaga walikuwa Mwalimu Gatimu, Wachuka na mimi. Mama alimtumia parachichi nusu gunia na ujumbe kwamba mtamba ana mimba. Benter alipanda gari akiwa na parachichi mapajani, akapunga mkono mara moja.

Tukaanza msimu kwenye daraja la juu bila yeye, tukafungwa mechi nne mfululizo. Baada ya ile ya nne Mwalimu Gatimu aliniita kando, akaniambia Njoki atacheza mbele, na mimi nirudi katikati, kwa sababu mimi angalau nimejifunza kusimama. Sasa ni msimu wa pili. Hatujashuka. Jioni za mazoezi namwuliza Wachuka anaona nini, namwuliza Tabby, namwuliza hata kipa. Mara moja moja Benter hupiga simu kutoka Lodwar, upepo ukivuma kwenye laini, na haniulizi matokeo. Huniuliza nani anacheza kulia.

Jumatatu iliyopita aliingia dukani cucu mmoja, bibi mzee kutoka upande wa mtoni, anayefuga mbuzi na kununua dawa ya kupe kila mwezi. Mguu wangu ulikuwa juu ya gunia, nyuma ya kaunta, umevimba kwa teke la Jumamosi. Aliniangalia usoni.

"Wewe si ndiye ule msichana wa mpira?"

"Ndiye mimi, cucu."

"Na ni nini ilifanya uwache? Sikusikiangi tena kwa redio."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, yote tayari, yamejipanga. Cucu alikuwa ameegemea kaunta, ananingoja, uso umejaa huruma.

"Kazi iliongezeka, cucu," nikasema.

"Pole sana," akasema, akanishika mkono. "Na vile ulikuwa unaweza."

Nikamshukuru. Kisha nikamfungia dawa yake, nikamweleza tena namna ya kuichanganya na maji, na kwamba asisahau kuwanyunyizia nyuma ya masikio.